Duka la Mashine Lilikuwa la Mzee, Daftari Lilikuwa la Mama

Tangu lile duka la mashine pale Nachingwea lifungwe moja kwa moja, watu wanakumbushana mambo yake kama wanaomkumbuka marehemu. Na marehemu kweli yupo, maana mzee mwenyewe alishatangulia mbele za haki. Kila mtu ana lake. Huyu anakumbuka pikipiki yake ya kwanza, aliyoichukua pale kwa mkopo akalipa msimu wa korosho. Yule anakumbuka mashine ya kusaga ambayo mzee aliifuata kijijini kuifunga mwenyewe, akalala huko siku mbili mpaka unga ukatoka laini. Watu wa Lindi na Kilwa wao wanakumbuka mashine za boti, zile Yamaha za kupachika nyuma, zilizokuwa zinauzwa kwenye tawi la mjini Lindi na familia hiyohiyo ya bara.

Majina kapuni, maana familia ipo na mambo ya mirathi bado ya moto. Ila mwenyeji wa Nachingwea au Ruangwa hahitaji kutajiwa jina. Mwambie tu "duka lenye boti nje", ameshajua.

Kumbukumbu zote ni nzuri. Tatizo ni kwamba ukizisikiliza kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho, duka zima lina mtu mmoja tu. Mzee alileta, mzee alikopesha, mzee alitengeneza, mzee alikuwa na roho nzuri. Mke wake aliyekaa nyuma ya kaunta zaidi ya miaka 30? "Alikuwa anamsaidia mzee." Binti yao aliyekuwa anafungua kabureta, anasafisha na kuirudisha huku anaongea na wateja? "Alikuwa anapenda ufundi." Mpwa wa mzee aliyeshika tawi la Lindi tangu kijana mpaka mvi? "Alilelewa pale." Basi, imeisha hiyo.

Mtu anaweza kusema hilo ni suala la adabu tu, watu wamejisahau. Hapana. Kumbukumbu ya namna hii inagharimu watu hela, na kwa familia hii imeshagharimu.

BOTI NCHI KAVU

Kwa asiyeijua ramani: Nachingwea haina bahari. Ruangwa nayo haina. Ni wilaya za bara za mkoa wa Lindi, nchi ya korosho, ufuta, mbaazi na vumbi jekundu. Sasa duka la mashine lenye mkono mpaka baharini lilitokeaje huko?

Nachingwea ilizoea mashine mapema kuliko miji mingi ya kusini. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha ule Mradi wa Karanga, Kongwa, Urambo na Nachingwea. Yakaja matrekta, mengine yalikuwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa vya kung'olea visiki. Ikajengwa reli kutoka pwani. Mradi ukafa 1951, na reli yenyewe iking'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Karanga hazikuonekana, lakini walibaki watu walioshika spana. Mzee alikuwa mtoto wa mmoja wa watu hao. Alikulia kwenye grisi.

Akaanza na baiskeli, kuziba pancha na kunyoosha ringi. Ilipofika enzi ya Mzee Ruksa, biashara zilipofunguliwa, akaanza kuleta vipuri kutoka Dar. Baiskeli ikazaa pampu za maji, pampu ikazaa mashine za kusaga na jenereta. Halafu mpwa wake, aliyekuwa Lindi mjini, akamwambia, "Mjomba, huku watu wanavua kwa tanga na kwa kasia. Mwenye mashine anafika mbali anarudi mapema, samaki wake hawajaharibika." Mzee akaagiza mbili, zilizotumika. Zikaisha wiki hiyohiyo.

Hela ya kununulia ikatoka wapi? Hapa ndo wengi hawajui. Wateja wa mwanzo hawakuwa wavuvi peke yao, walikuwa wenye mikorosho. Korosho inalipa mara moja kwa mwaka, kuanzia mnada wa Oktoba hivi. Mtu wa Ruangwa akipata hela yake nzuri ananunua bati, analipa ada, anaoa au anaozesha, ikibaki anatafuta pa kuiweka. Boti ya Lindi ilikuwa mahali pazuri. Korosho ina msimu mmoja, bahari ina kupwa na kujaa kila siku. Mwenye boti hata kuogelea hajui, anakaa zake Ruangwa anasubiri fungu lake.

Neno hilo "fungu" likumbukwe, maana ndilo hasa lenye kesi hii. Kwenye uvuvi wa pwani, hela ya samaki haigawiwi ovyo. Kwanza inatolewa gharama: mafuta, barafu, chakula. Kinachobaki kinakatwa mafungu. Wavuvi wana mafungu yao, nahodha ana nyongeza yake, chombo kina fungu, nyavu zina fungu, na mashine ina fungu lake. Ndiyo, mashine. Chuma kisichokula wala kulala kinahesabiwa kama mtu, kwa sababu kila aliyemo kwenye boti anajua bila hicho chuma wasingefika kwenye samaki.

Na ile boti ya nje? Hiyo ndo hadithi inayopendwa kuliko zote. Mwaka mmoja mzee alinunua spidi boti ndogo, nyeupe, ina kioo mbele na usukani kama wa gari. Badala ya kuishusha Lindi akaipandisha mpaka Nachingwea, akaiweka juu ya tela mbele ya duka. Tangazo, alisema. Watoto wakawa wanapanda, sikukuu ya Idi watu wanapiga picha wamekaa kwenye usukani, maharusi wakapita hapo. Utani haukuisha: "Mzee anasubiri gharika."

Kinachosahaulika ni kwamba ile boti ilikaa pale karibu miaka miwili hela ya familia imelala juani, na aliyeinusuru ni mama. Alimwambia mumewe taratibu, jioni, wateja wameondoka: "Baba nanii, hiki chombo kinapendeza, lakini hakijatuletea hata kilo ya sukari." Halafu akampigia mpwa Lindi, mpwa akaulizia mpaka Kilwa Masoko, akapatikana mtu wa kuvusha wageni kwenda Kilwa Kisiwani kwenye magofu. Ikauzwa na faida kidogo. Waliopiga picha wanakumbuka boti ya mzee. Nani anakumbuka mauzo ya mama?

KAUNTA BUKU

Mzee alikuwa fundi na alikuwa mtu wa watu. Hilo halina ubishi, wala hakuna anayetaka kumpunguzia. Lakini mkopo, kitu ambacho ndicho kilichojenga jina la duka, haukuwa wa mzee. Ulikuwa wa mama na kaunta buku lake.

Mteja anakuja: "Shikamoo mama." "Marahaba. Kwenu wapi?" Hapo usaili umeshaanza. Mama anaandika jina, kijiji, chama cha msingi anachouzia korosho, mdhamini, na mikorosho mingapi inayozaa kweli, siyo ile ya kujisifia. Kama mteja ana mke, mama anauliza mke ana habari? Kama hana, "Nenda mkaongee kwanza, pikipiki haitakimbia." Watu walikuwa wanamnung'unikia kwa hilo. Wake zao hawakunung'unika.

Pikipiki zilipoanza kumiminika kutoka China na India, na bodaboda ikawa kazi ya vijana wa kila kijiji, duka likafungua tawi Ruangwa. Aliyekabidhiwa ni binti. Wakati huo hata wateja walikuwa wanauliza, "Fundi yuko wapi?" wakiwa wamesimama mbele yake. Baada ya mwaka mmoja wakawa wanakuja na swali lingine: "Dada yupo? Asipokuwepo nitarudi." Alikuwa na sikio. Pikipiki ikiwashwa tu anajua ni plagi, ni valvu au ni mafuta yamechanganywa na kitu. Na mashine za boti zikishindikana Lindi zilipandishwa kwake na basi, zimefungwa kwenye viroba. Kosa lilikuwa karibu lilelile kila mara: mtu ametoka baharini hajaizungusha mashine kwenye pipa la maji baridi, chumvi imekula njia ya maji, mashine imechemka. Au oili haikuchanganywa kwa kipimo. Alikuwa anairudisha na karatasi ya maelekezo, herufi kubwa, ili hata mtoto wa mvuvi amsomee baba yake.

Kisha ukaja msimu wa 2018. Watu wa kusini hawajausahau. Wanunuzi kwenye minada walitaja bei ndogo, wakulima wakakataa kuuza, na mwezi wa Novemba Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likaingia kusomba mzigo. Bei ilikuwa nzuri masikioni. Malipo ndiyo yaliyochelewa, kwa sababu ulianza uhakiki: shamba lako liko wapi, korosho hizi ni zako kweli au ni za kangomba? Kwa wa mbali, kangomba ni ule ununuzi wa kificho, mtu anamfuata mkulima mwenye shida kabla ya msimu, anampa hela kidogo, anachukua korosho kwa bei ya kutupa.

Dukani kaunta buku limejaa madeni, na wadaiwa hawana hata senti. Wengine wakasema chukueni korosho zenyewe, gunia kwa gunia, tumalizane. Mzee alitaka kukubali. Alikuwa na huruma na alikuwa na mzigo wa kulipia Dar. Mama akagoma. Akasema korosho ya deni ikiingia stoo ya duka, kesho mwenye duka ndiye kangomba. Akaita wadaiwa mmojammoja, akaandika tarehe mpya, akakata riba aliyokuwa hata hajaweka, yaani akawaambia deni halitaongezeka hata shilingi. Waliopokea korosho za watu msimu ule walipata shida kubwa kwenye uhakiki. Duka lile halikuguswa. Madeni yalilipwa pole pole, mengine msimu uliofuata.

Sasa ukiambiwa "mzee alikuwa na roho nzuri, alitusubiri mpaka tukalipwa", ujue unamsifia nani.

FUNGU LA MAMA LIKO WAPI

Mzee alipofariki, mambo yalikwenda kama yanavyokwenda kwingi. Arobaini ilipopita, kikao cha familia kikakaa, muhtasari ukaandikwa, mtoto mkubwa wa kiume anayeishi Dar akapendekezwa kuwa msimamizi wa mirathi, Mahakama ya Mwanzo ikamthibitisha. Familia ni ya Kiislamu, mgawanyo ukafuata faraidhi. Mama, kwa kuwa marehemu ameacha watoto, akapata thumuni, moja ya nane. Watoto wa kiume kila mmoja akapata mara mbili ya binti. Mpwa hakuwamo kabisa. Duka halikuweza kukatwa vipande likabaki duka, kwa hiyo bidhaa zikauzwa, matawi yakafungwa, kila mtu akachukua chake.

Watu wengine, hasa wanawake, wamekuwa wakimlaumu yule mtoto mkubwa. Ni kumwonea. Leseni ya biashara ilikuwa na jina la baba. Jina la biashara lilisajiliwa kwa baba peke yake. Akaunti ya benki ya baba, namba ya mlipa kodi ya baba, mkataba wa pango wa baba. Msimamizi anagawa kilicho cha marehemu, na makaratasi yote yalisema kila kitu ni cha marehemu. Wala faraidhi haina kosa hapa. Faraidhi inagawa mali ya marehemu baada ya kutoa madeni yake. Haijawahi kusema mali ya mtu mwingine igawiwe pamoja na ya marehemu.

Na hilo ndilo swali ambalo halikuulizwa kikaoni: katika mali ile, ya marehemu ilikuwa ipi?

Chukua mfano wa hesabu. Tuseme duka lote na stoo ni shilingi milioni 80, na kuna mjane, watoto wa kiume watatu na binti mmoja. Kama yote ni ya marehemu, mjane anapata milioni 10, kila kijana milioni 20, binti milioni 10. Lakini kama mume na mke walikuwa wabia nusu kwa nusu, milioni 40 ni za mjane kabla ya mirathi kuanza, siyo urithi, ni jasho lake. Zinazogawiwa ni 40 zilizobaki: mjane thumuni milioni 5, kila kijana milioni 10, binti milioni 5. Mjane anatoka na milioni 45 badala ya 10. Duka linaweza kuendelea. Dini ni ileile, mahakama ileile, watoto walewale. Kilichobadilika ni jibu la swali moja: mama alikuwa mbia au alikuwa "anamsaidia mzee"?

Swali hilo linajibiwa kwa makaratasi. Yasipokuwepo, linajibiwa kwa kumbukumbu za watu. Majirani wanaulizwa, wateja wanaulizwa. Kama mji mzima unajua kusema "duka la mzee" tu, mama ameshashindwa kabla hajafungua mdomo. Ndiyo maana hizi stori za vijiweni siyo stori tu.

Na kuna jambo ambalo hata wenye duka wenyewe walikuwa hawalitaji. Mashine mbili za mwanzo zilizopelekwa Lindi zilinunuliwa kwa hela ya mikorosho ya mama, aliyoachiwa na mama yake mzazi. Wamama wa rika lake wanalijua hilo vizuri. Kwa Wamwera, kama kwa Wamakua, Wamakonde na Wayao, ukoo ulihesabiwa upande wa mama, na mjomba ndiye aliyekuwa na kauli kwa wapwa wake. Kwa mila hiyo ya zamani, yule mpwa wa Lindi asingekuwa mtu wa pembeni. Angekuwa wa kwanza kuulizwa. Mila imepungua nguvu, dini na maisha ya mjini vimechukua nafasi yake, sawa. Lakini tazama kilichotokea: mila ilipoondoka iliondoka na haki ya mpwa, na iliyokuja haikumkuta na karatasi yoyote. Miaka yote ile Lindi, hana mkataba, hana mshahara ulioandikwa, ana neno la mjomba. Mjomba amezikwa nalo.

Sheria ya nchi je? Wengi husikia kwamba mwanamke analindwa, na ni kweli, lakini wajue wapi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 114, inaruhusu mahakama kugawa mali iliyochumwa na wanandoa kwa juhudi zao wote wawili. Mwaka 1983, kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilisema kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika kuchuma mali. Ulikuwa uamuzi mkubwa, unatajwa mpaka leo. Lakini Bi Hawa mwenyewe hakuondoka na kitu, kwa sababu mahakama iliona alishapewa hela na mumewe za kujipatia nyumba akazitumia kwingine. Kanuni ilishinda, mwenye kesi akashindwa.

Na kifungu hicho kinazungumzia talaka na kutengana, hakizungumzii kifo. Ukikifikiria vizuri kinauma. Mke aliyeachika njiani anao mlango wa kuingilia kudai jasho lake. Aliyevumilia mpaka akamfumba mumewe macho anaambiwa asubiri thumuni. Kama kuna mtu anaona hiyo ni sawa, akaielezee kwa mama yule uso kwa uso.

"MAMBO YA NDANI YASIANIKWE"

Zipo hoja za upande wa pili, na zisikilizwe.

Ya kwanza: mzee ndiye aliyebeba hatari. Akipata hasara ni yeye anayedaiwa, ni yeye anayelala kwenye basi kwenda Kariakoo, ni jina lake lililoko kwenye leseni. Kweli. Lakini mashine ikizama baharini aliyezikosa hela za mikorosho ya ukoo wake ni nani? Na deni lisipolipwa, aliyekuwa anapigiwa simu usiku ni nani? Hatari ilikuwa ya wote, jina lilikuwa la mmoja.

Ya pili: mama hakuwahi kulalamika. Hii ndo inayosemwa zaidi, tena na wanawake wenzake. Mama wa heshima hadai mbele za watu, hasa mume akiwa hai. Akidai ataambiwa anamwombea kifo. Hapo ndipo penye mtego. Akidai mapema, ana tamaa. Akidai baada ya msiba, anagombea mali na watoto wake wa kuzaa. Hakuna siku iliyo nzuri. Kwa hiyo anayetakiwa kuanza ni mume, akiwa mzima, bila kuombwa.

Ya tatu: mambo ya ndani yasianikwe. Ni sawa kwa ugomvi wa chumbani. Lakini duka lenye matawi matatu, lililokopesha nusu ya wilaya mbili, siyo la chumbani tena. Na wanaosema yasianikwe ndio haohao wanaoanika sifa za mzee kila siku. Ukianika sifa, anika na hesabu.

Hoja ya nne ni nzito kidogo: mzee angeweza kuandika wosia, hakuandika, basi ni takdiri. Hapa watu wanachanganya. Kwa familia ya Kiislamu wosia usingetosha. Wosia hauzidi theluthi ya mali, na aliye mrithi tayari hausiiwi mali mpaka warithi wenzake waridhie. Ungeweza kumfaa mpwa, kwa sababu yeye siyo mrithi. Mama asingefaidika nao kwa urahisi. Dawa ya mama ilikuwa kwenye uhai: kusajili biashara kama ubia wenye majina mawili kule BRELA, kufungua akaunti ya wawili, au kumpa hiba yake ikaandikwa na mashahidi wakasaini. Dawa ya binti na mpwa ilikuwa mkataba wa kazi na mshahara unaosainiwa kila mwezi, hata ukiwa mdogo. Mshahara ambao haujalipwa ni deni, na deni la marehemu linalipwa kabla ya urithi. Hakuna hata kimoja hapo kinachopingana na dini, mila wala heshima ya mume. Ni mambo ya asubuhi moja ofisini na kalamu.

WALIOBAKI NA MADUKA

Ruangwa ya leo siyo ya zamani. Namungo ilipopanda Ligi Kuu msimu wa 2019/20, mji ukaanza kupokea wageni wa Simba na Yanga. Makampuni yanakuja kwa ajili ya madini ya kinywe. Barabara kuu ya mjini ina maduka ya pikipiki, vipuri, oili, pampu za umwagiliaji na sola. Mengi ni ya familia. Pita asubuhi yoyote utaona sura ileile: baba yuko nje anaongea na wateja, mama yuko ndani na kaunta buku, kijana au binti amechuchumaa na spana, na pembeni kuna mpwa aliyeletwa kutoka kijijini "ajifunze kazi". Juu ya mlango jina moja.

Hao ndio wanaotakiwa kulisoma jambo hili, kuliko wale wanaomkumbuka mzee. Msimu wa korosho unakuja, hela itaingia, mzigo mpya utaagizwa. Kabla ya kuagiza, mwenye duka ajiulize: kesho nikianguka, karatasi zangu zitasema nani alikuwa hapa na mimi?

Yule mama wa Nachingwea yupo. Amerudi kwenye nyumba yake, thumuni yake ameiweka kwenye mbaazi na kuku. Binti amepanga kibanda Ruangwa, anatengeneza pikipiki. Wateja wake wengi ni walewale waliokuwa wanauliza fundi yuko wapi, na safari hii jina lililoko kwenye leseni ni lake. Mpwa anazo mashine mbili za boti Lindi, mbovu mbovu, anazipangisha kwa wavuvi. Jioni boti zikirudi, gharama zinatolewa, mafungu yanahesabiwa mchangani, na fungu la mashine linawekwa pembeni bila mtu yeyote kubisha.

Kaunta buku amebaki nalo mama. Msimamizi alipoliomba alimpa, akaliangalia, akarudisha. Yaliyomo yalishalipwa yote. Kurasa zote zina mwandiko mmoja, na siyo wa mzee.